Elevesheni kutoka wingu la nukta: madirisha sawa, roshani imezidi sm 22. Nimekosea wapi?

#1 MchoraMistari
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni mchoraji, si mpimaji. Nakaa Dar ila kazi iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Ni nyumba ya matumbawe na chokaa, chini na ghorofa mbili, uso wa mbele una upana wa m 9.40 na kimo cha kama m 11. Watu wa skana walikwenda siku moja, wakasimamisha mashine sehemu 14 ndani na nje, wakaniletea faili la E57 lenye wingu la nukta, yaani nukta nyingi mno zilizopimwa na skana juu ya kuta. Nikaligeuza kwa programu ya ReCap, nikaliingiza kwenye programu ya kuchora, AutoCAD, nikaanza kufuatisha elevesheni ya mbele (mchoro wa uso wa nyumba) kwa skeli ya 1:50.

Juzi mhandisi kaenda na futi. Madirisha ya ghorofa ya kwanza yametoka safi, tofauti haifiki sm 1. Mlango nao safi. Roshani ya mbao ya ghorofa ya pili, yeye kapima 5.20, mchoro wangu unasema 5.42. Sentimita 22! Akaniandikia mstari mmoja tu: "Hii roshani umeipima kwa macho?" Sijalala.

Jambo la pili. Vizingiti vya chini vya madirisha ya juu, kwenye mchoro, vinashuka kwenda kulia. Kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho vimeshuka kama sm 5. Bosi anasema ninyooshe, nyumba haiwezi kukaa hivyo. Mimi naona wingu ndilo linalosema hivyo.

Skana mbovu au ni mimi?

#2 futi_kamba
Skana hiyo mkuu. Hawa vijana wa kukodisha wanaibeba kwenye boti kama begi la nguo, halafu wanakuambia usahihi wa milimita mbili. Waambie warudie kwa gharama yao.

#3 KituoChaPili
Futi_kamba usimpeleke mwenzio kwenye ugomvi bure. Mimi ni mpimaji, niongee kidogo.

Vituo, yaani zile sehemu 14 za mashine, vikiunganishwa vibaya, kosa halichagui. Ungeona ukuta una ngozi mbili, dirisha lina kingo mbili mbili kama picha iliyotikisika. Yeye madirisha na mlango vimetoka sawa, na vyote viko kwenye ukuta uleule. Kosa limeshika roshani peke yake, na roshani ndiyo kitu pekee hapo kilichotoka nje ya ukuta.

MchoraMistari tujibu matatu. Roshani imetokeza kiasi gani? UCS, yaani mihimili na bapa unalochorea, uliiwekaje? Na tubandikie picha ya skrini nzima, usikate pembeni.

#4 MchoraMistari
Imetokeza m 1.20. UCS niliweka kwa nukta tatu: mbili juu ya baraza, kushoto na kulia, ya tatu ukutani juu karibu na paa. Picha hiyo hapo nimebandika.

#5 BintiShangani
Nimeiona picha. Angalia kuta za pembeni za hiyo nyumba, zinavyokimbiliana ndani kama reli inayokwenda mbali. Andika PERSPECTIVE kwenye mstari wa amri, utwambie inakujibu ngapi.

#6 MchoraMistari
Inajibu 1.

Jamani.

#7 BintiShangani
Pole, ndiyo mchawi wako huyo. 1 maana yake mtazamo wa jicho umewashwa, cha mbali kinaonekana kidogo. Na si wewe peke yako, mie mwenyewe alishanila wiki nzima kwenye kazi ya Malindi.

Nikueleze kwa hesabu, ili kesho umtambue kwa sura. Ukichora huku umetazama kwa mtazamo wa jicho, kila unapobofya AutoCAD inapiga mstari kutoka kwenye kamera, unapita kwenye kile unachokiona, unakwenda kugota kwenye bapa la UCS. Bapa lako liko usawa wa ukuta. Kilicho ukutani kinabaki pale pale, ndiyo maana madirisha yako yako sawa. Lakini roshani iko mbele ya ukuta kwa 1.20, kwa hiyo mstari unaipita, unaendelea, unaigandika ukutani ikiwa kubwa kuliko ilivyo. Kama kivuli cha mkono mbele ya taa.

Kamera yako, kwa ninavyoikadiria kwenye hiyo picha, iko kama m 30 kutoka ukutani. Toa 1.20, roshani iko m 28.8. 30 gawa kwa 28.8 ni 1.0417. Zidisha na 5.20 ya mhandisi. Unapata 5.42.

Sasa usifurahi ukadhani roshani ndiyo tu. Kila kilichotokeza kimekosewa kwa kiasi chake: mabano ya roshani, kipenu cha bati, hata fremu ya mlango kama imetoka sm 10. Mlango haukuonekana kwa sababu tofauti yake ni milimita chache. Na vilivyozama ndani, mfano mbao za dirisha zilizo nyuma ya uso wa ukuta, vimekuwa vidogo. Futa vyote hivyo, uvichore upya na PERSPECTIVE ikiwa 0. Usivipunguze kwa SCALE ukadhani umepona, maana kila kitu kina umbali wake.

#8 futi_kamba
Haya, nimeomba radhi kwa vijana wa skana 😂

#9 KituoChaPili
Binti kamaliza la roshani. Nije kwenye vizingiti vinavyoshuka, maana hapo nina wasiwasi na hiyo UCS ya nukta tatu.

Ndugu yangu, baraza si pima maji. Mafundi wa zamani walijenga baraza kufuata kichochoro, kichochoro kikipanda nayo inapanda. Wewe umechukua nukta mbili juu yake ukasema "huu ndio usawa". Mchoro wako wote umelala pamoja na baraza. Na nukta ya tatu umeichukua ukutani juu, maana yake kama ukuta umeinama, umeinamisha na wima yako ufuate ukuta. Halafu utawezaje kujua ukuta umeinama, na wewe umeinama nao?

Wima hauchukuliwi kwenye nyumba. Unachukuliwa kwenye Z ya wingu, mhimili wake wa juu na chini. Fanya hivi: rudisha UCS kuwa World, yaani mihimili ya asili. Kata kipande cha mlalo, chembamba, unene wa sm 3 hivi, kwenye kimo cha m 1.5 kutoka chini. Utaona ukuta kama mstari wenye mawimbi. Piga laini moja inayopita katikati ya mawimbi kutoka kona hadi kona. Zungusha UCS kwa Z tu kufuata laini hiyo, kisha kwa X nyuzi 90. Basi. Andika PLAN ulitazame bapa hilo moja kwa moja, anza kuchora. Hujagusa wima hata kidogo.

Halafu piga ID, amri ya kusoma X, Y na Z za nukta, kwenye ncha mbili za baraza ukiwa World, utuambie Z zake.

#10 MchoraMistari
Nimepiga. Kulia iko juu kuliko kushoto kwa sm 3.

#11 KituoChaPili
Basi umepata jibu. Kati ya zile sm 5 zako, 3 ni za baraza, umezileta wewe. 2 ni za nyumba. Hizo 2 usiziguse.

Ila kuna sharti. Maneno yangu yote yanasimama kama Z ya wingu ni wima kweli. Mashine nyingi za kusimama kwenye miguu mitatu zina kihisi cha mwinamo ndani, lakini ndogo za bei nafuu na zile za kutembea nazo mkononi ni za kuhakikishwa. Mimi kila kazi ya nyumba ya zamani naning'iniza timazi ndani ya skani: kamba nene ya katani kutoka dirisha la juu, chini jiwe zito, na jiwe nalizamisha kwenye ndoo ya maji lisicheze. Vijana hunicheka. Ofisini natafuta ile kamba kwenye wingu, nasoma X na Y zake juu na chini. Kama X na Y zimehama, najua wingu zima limelala kwa kiasi gani na kuelekea wapi.

#12 wa_Kibokoni
Ahsanteni kwa uzi huu. Niko Mombasa, Mji wa Kale, na shida yangu ni dada yake hiyo. Chini wingu langu ni zito kama uji, juu kwenye ghorofa ya pili ni nukta za kuhesabu. Jamaa aliniapia skana imewekwa nukta moja kila mm 6. Ananidanganya?

#13 KituoChaPili
Hakudanganyi, ila hakumalizia sentensi. Ni mm 6 kwa umbali wa m 10, *na ukuta ukiwa umekukabili*. Kichochoro chako kina upana gani?

#14 wa_Kibokoni
Mita mbili, mbili na kidogo. Mikono miwili ukinyoosha unakaribia kugusa.

#15 KituoChaPili
Chukua m 2. Skana iko m 1.5 kutoka chini, unataka kitu kilicho m 10 juu. Imebidi miale ipande m 8.5 huku ikienda mbele m 2 tu. Umbali wa mwale ni m 8.73, hapo nukta zingekuwa mm 5.2 kama ukuta ungekuwa umekabili. Lakini mwale unaukwaruza ukuta, hauupigi. Zile mm 5.2 zinanyooshwa kwa uwiano wa 8.73 kwa 2, zinakuwa kama mm 23 kwenda juu. Ndiyo maana dirisha la juu lina nukta chache. Na juu ya kizingiti cha dirisha hakuna kabisa, maana kutoka chini hakionekani, hata ungeweka nukta moja kila milimita.

Dawa si kuongeza ubora wa skani pale pale chini. Dawa ni kubisha hodi nyumba ya ng'ambo. Omba dirisha la juu au paa, weka mashine pale mara moja tu. Chai na mwenye nyumba ni sehemu ya upimaji wa Mji wa Kale, iandike kwenye bajeti.

#16 mie_LT
Samahani kwa kuingilia. Mie natumia AutoCAD LT, lile toleo dogo, na haina mawingu ya nukta. Hizi habari zenu nazisoma tu kama hadithi za Ulaya. Hakuna njia ya maskini?

#17 BintiShangani
Ipo na ni nzuri kuliko unavyofikiri. CloudCompare ni ya bure. Fungua E57 humo. Kama faili limewekwa kwenye kuratibu za nchi, kwa Unguja kaskazini-kusini inasoma milioni tisa na ushee, programu itakuomba uzipunguze namba. Kubali, na uandike mahali kiasi kilichopunguzwa. Ukikataa, nukta zitaanza kutetemeka kwenye skrini na usahihi wako unamwagika hapo hapo.

Zungusha wingu kwa Z mpaka uso wa nyumba ulale sambamba na mhimili mmoja. Kata kwa mkasi kila kisichotakiwa: nyaya za umeme, pikipiki, paka. Halafu tumia Rasterize, chagua mwelekeo wa kutazama uso, seli iwe m 0.005, toa picha. Kila pikseli sasa ni mm 5. Picha ikiwa na pikseli 1,880 kwa upana, hiyo ni m 9.40, haina mjadala. Iingize LT kwa IMAGEATTACH, ipe upana huo, fuatisha. Na uzuri wake, haina mtazamo wa jicho, kwa hiyo kosa la mwenzetu hapo juu huwezi kulifanya hata ukitaka.

Usichokipata ni kina. Kwa kina, kata vipande vyembamba humo humo CloudCompare, vitoe kama picha nyingine, viweke pembeni ya elevesheni.

#18 MkandarasiMzee
Nimewasoma nyote, vijana hodari. Lakini mnamzungusha huyu kijana. Bosi wake kasema nyoosha, anyooshe. Fundi akienda pale atafuata kamba na pima maji, hatafuata sm 2 zenu. Nimejenga miaka mingi, sijawahi kupewa mchoro wenye dirisha lililolala, na nyumba zimesimama.

#19 BintiShangani
Mzee shikamoo. Nyumba unazojenga wewe zinaanza kwenye karatasi. Hii ilianza zamani, karatasi ndiyo inaifuata.

Mhandisi hakuomba elevesheni apendezeshe ukuta wa ofisi. Anataka kujua nyumba inakwenda wapi. Hizo sm 2 za kushuka kulia zinaweza kuwa msingi uliokaa zamani ukatulia, zinaweza kuwa boriti za mikoko zilizooza kwenye kona ile ambayo bomba la mvua linavujia, au fundi wa kwanza alijenga hivyo. Akiona vizingiti vya chini viko sawa na vya juu vimeshuka, anafikiri jambo moja. Akiona vyote vimeshuka kwa kiasi kimoja, anafikiri jingine. Ukinyoosha, umemfumba macho, na umemfumba kwa mchoro wenye muhuri wa "imeskaniwa", ambao ataamini kuliko macho yake.

Sote tulioko huku tunaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, upande wake ukaanguka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Sisemi mchoro ulionyooshwa ndio uliliangusha. Nasema tangu siku ile, mtu akiniambia "nyoosha tu" mkono wangu hausogei.

#20 MkandarasiMzee
Marahaba binti. Hapo kwa Beit al-Ajaib umenikalisha. Lakini na ramani za kibali je? Halmashauri wanataka mistari inayoeleweka.

#21 BintiShangani
Kwa kibali cha kubadili matumizi, toa nakala nyingine, nyoosha, na uandike juu yake kwamba imenyooshwa. Leya mbili, faili moja. Tatizo ni ile moja ikivaa jina la nyingine.

#22 wa_Kibokoni
Swali la kizembe: kona ya dirisha ni wapi hasa? Kwenye wingu langu kona hazipo. Chokaa ya zamani imeviringika, ukuta unageuka polepole kama mgongo wa kijiko. Kila nikibofya napata namba nyingine, zinapishana hata sm 3.

#23 BintiShangani
Si la kizembe, nimegombana na watu kwa ajili ya hilo.

Kwanza usilitafute kwa kutazama mbele. Ukitazama mbele, ukingo una ukungu, na kuna nukta za uongo: mwale ukigawanyika nusu kwenye ukingo, nusu kwenye ukuta wa ndani, mashine inaweka nukta hewani katikati, mahali ambapo hakuna kitu. Milango ya nakshi imejaa hizo, na misumari ya shaba nayo inarusha mwale hovyo. Kata kipande cha mlalo katikati ya kimo cha dirisha, unene sm 2 au 3. Hapo utauona ukuta wa nje, utauona ubavu wa dirisha, na utauona ule mviringo kati yao.

Mimi naendeleza mstari wa ukuta na mstari wa ubavu mpaka vikutane, hapo ndipo kona yangu. Wengine wanachora pale jicho linapoona ukingo. Zote ni halali. Lililo haramu ni dirisha moja kwa njia hii na jingine kwa ile. Chagua, uandike kwenye kona ya karatasi sentensi moja. Na kumbuka kwa 1:50 mstari wa robo milimita umefunika mm 12.5 za ukuta, kwa hiyo usikeshe ukitafuta milimita mbili ambazo kalamu yenyewe itazimeza.

Nakshi za mlango usizifuatishe kwenye wingu kabisa. Kwa elevesheni chora miimo, kizingiti cha juu, mfaa (ule mti wa katikati) na mbao mbili, basi. Nakshi piga picha nyingi kutoka pembe nyingi na rula pembeni, uziunge kwa programu ya picha, uchore kwa 1:10 peke yake. Wingu la nukta moja kila mm 6 halijui ua la yungiyungi ni nini.

#24 MchoraMistari
Wakuu nimerudi. Nimechora upya siku mbili. UCS kwa Z tu, PERSPECTIVE 0, na 3DOSNAP nimeizima, maana niligundua nusu ya mistari yangu ya mwanzo ilikuwa inaelea kwenye kina tofauti, kila ncha imenasa nukta yake. OSNAPZ nimeweka 1, ili kila ncha ibaki kwenye bapa moja.

Roshani sasa ni 5.21. Vizingiti vya juu vinashuka sm 2 kulia, vya ghorofa ya kwanza vinashuka mm 4 tu. Ukuta wenyewe umetoka kwenye timazi, juu umekuja mbele ya chini kwa sm 7. Hii ya mwisho sikuwa nayo kabisa kwenye mchoro wa kwanza. Mhandisi kanipigia simu mwenyewe, kataka vipande vitatu vya wima: kushoto, katikati, kulia. Hajataja roshani tena.

Bosi bado anataka ya kunyooka kwa ajili ya mteja. Nimempa, ina maandishi mekundu.

#25 KituoChaPili
Safi sana. Hivyo vipande vitatu vikate vyembamba, na vyote vitatu uviwekee mstari mmoja wa timazi pembeni, usimpe mstari tofauti kila kimoja.

Ila mimi nina neno na hiyo sm 1 iliyobaki, 5.21 kwa 5.20. Futi ya mhandisi upande wa pili ilishikwa na nani?

#26 MchoraMistari
Nimeuliza. Mtoto wa jirani, darasa la nne.

#27 KituoChaPili
Andika 5.21.